Kutengeneza: Heshima na Amana ya Fundi

Tunapotaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Hayo kweli ni utamaduni, wala hapana mwenye akili awezaye kuyadharau. Lakini utamaduni wa watu ni pia namna wanavyovishika vitu vyao: wanavyoviunda, wanavyovitunza, wanavyovifungua vinapoharibika, na maneno wanayoambiana juu ya kazi hiyo. Apitaye Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko au Lindi mjini ataona karibu na soko meza ya fundi iliyojaa redio na simu zilizofunguliwa, na hatua chache mbele ataona lori lililoinuliwa juu ya magogo huku watu wawili wamelala chini yake. Mara nyingi atapita bila kutazama mara ya pili. Katika makala haya tunamwomba asimame kidogo, kwa kuwa pale pana swali la maadili ambalo shule zetu hazijalitendea haki.

Swali lenyewe ni hili: mtu anayetengeneza kitu kilichoundwa na mwingine ana heshima gani, na ana wajibu gani? Je, yeye ni mwigaji tu wa yule aliyekibuni, au naye ni muundaji kwa namna yake? Na akiisha kubadili kitu hicho kwa ndani, mahali ambapo mwenyewe haoni, apaswa kumwambia nini mwenye mali? Hili si swali la wanafalsafa peke yao. Linamhusu kila apandaye basi la kwenda Lindi na kila aachaye redio yake mezani kwa fundi akaambiwa arudi kesho.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno moja, kutengeneza, kwa kazi mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Seremala hutengeneza kiti kipya, na seremala huyo huyo hutengeneza kiti kilichovunjika mguu. Mtu akisema, "Nimetengeneza redio," msikilizaji atalazimika kuuliza kama ameiunda au ameiponya. Bila shaka tunayo maneno ya kutenganisha tukitaka: twasema kuunda jahazi, kukarabati nyumba, kurekebisha hesabu. Lakini neno la kila siku lakumbatia yote, kwa sababu shina lake ni kutengenea, yaani kuwa katika hali ifaayo. Hata mambo baina ya majirani waliogombana huweza kutengenezwa. Nalo neno fundi latokana na kufunda, shina lililozaa pia kufundisha na fundisho. Kwa hiyo wazee waliotuachia lugha hii hawakumweka fundi chini ya mwalimu. Walimpa jina la ukoo mmoja naye.

Yawezekana mtu akasema kwamba maneno ni maneno tu, na kwamba lugha kukosa neno la kutenganisha hakuthibitishi lolote. Ni kweli kwamba lugha peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Basi na tutazame kazi yenyewe ilivyofanywa katika pwani hii.

Katika Kilwa Kisiwani umesimama Msikiti Mkuu, mmojawapo wa misikiti mikongwe katika pwani ya Afrika Mashariki. Mgeni auonaye hudhani kwamba ameona jengo moja la wakati mmoja. Sivyo. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331, msikiti uliongezwa sehemu kubwa upande wa kusini. Nyongeza hiyo iliporomoka, ikajengwa upya katika karne ya 15, na sehemu kubwa ya matao na makuba tunayoyaona leo ni kazi ya waliotengeneza kilichoanguka. Hatuna majina yao. Tunalo jina la sultani aliyeamuru nyongeza ya kwanza, lakini hatuna jina la mwashi hata mmoja aliyesimama mbele ya kifusi akajiuliza kwa nini kuba la kwanza halikuhimili.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Na mwaka 2014, baada ya kazi ndefu ya ukarabati, yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kazi hiyo ilitukumbusha jambo ambalo waashi wa kale walilijua. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauzibwi kwa saruji ngumu. Saruji hufungia ndani unyevu na chumvi ya bahari, na baada ya miaka ule ukuta wa zamani humomonyoka kandokando ya kiraka kilicho kizima. Atengenezaye hana budi kwanza kujua tabia ya kile anachokitengeneza. Nguvu ya kiraka peke yake si sifa.

Vivyo hivyo ufukweni. Mashua ikaayo majini hutoboka, mbao zake huoza, na uzi wa pamba uliopigiliwa baina ya mbao hulegea. Kila baada ya muda hupandishwa pwani, hukalafatiwa upya, ubao mbovu hung'olewa na mwingine hutiwa. Baharia hamwoni fundi wa kazi hiyo kuwa mtu wa daraja la pili kwa sababu hakuunda mashua tangu mkuku. Uhai wake baharini unategemea mikono ya fundi huyo. Methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta, haikutungwa kwa kuwadharau wazibao nyufa.

Sasa tuvuke kutoka chokaa na mbao tuje kwenye waya na chuma, maana huko ndiko dharau ilikoingia. Twaambiwa kwamba mashine za kisasa zimebuniwa mbali, kwa elimu kubwa, na kwamba kazi ya mtu wa Kilwa ni kuzinunua na kuzitumia. Fundi wetu, kwa maoni haya, ni mtu anayebahatisha ndani ya akili ya mwingine. Historia ya redio haikubaliani na maoni hayo.

Mwaka 1901 Marconi alipotangaza kwamba amepokea Newfoundland ishara iliyorushwa kutoka Cornwall, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, hapakuwa na duka la redio duniani. Katika miaka ya 1920, utangazaji ulipoanza kuenea Marekani na Uingereza, wasikilizaji wengi walijiundia vyombo vyao nyumbani. Walizungusha waya juu ya gamba la karatasi ngumu, wakatafuta kipande cha madini ya risasi, wakakigusa kwa ncha ya waya mpaka sauti isikike katika visikizi vya masikioni. Chombo kile hakikuhitaji betri wala umeme. Nguvu ya mawimbi yenyewe ilitosha. Hivyo wasikilizaji wa kwanza wa redio walikuwa kwa sehemu kubwa mafundi, na wengi wao walijifunza kwa kufungua, kukosea na kufunga tena.

Kisha vikaja viwanda. Kisa kimoja chatuhusu kwa karibu. Mwaka 1930 mfanyabiashara wa Japani, Konosuke Matsushita, aliingia katika biashara ya redio, na punde redio mbovu zikaanza kurudishwa kwa wingi, kwani maduka mengi yaliyoziuza hayakuwa na watu wa kuzitengeneza. Aliwaagiza watu wake wabuni redio isiyoharibika upesi. Waliyoitoa mwaka 1931 ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la shirika la utangazaji la nchi yao. Mwaka 1932 alinunua hataza zilizozuia maendeleo ya uundaji wa redio, akaziachia viwanda vingine bila malipo. Tuangalie mpangilio wa kisa hiki: ni redio zilizoharibika zilizomfundisha jinsi ya kuunda redio njema. Matengenezo yalitangulia uundaji bora.

Kampuni hiyo hiyo ilianzisha Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, kiwanda cha betri na redio zenye jina la National, lililojulikana hata vijijini. Arusha nako kulikuwa na kiwanda cha redio cha kampuni ya Philips ya Uholanzi. Kabla ya hapo watu wa Afrika ya Kati walikuwa wamejua ile redio ya mwaka 1949 iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Ever Ready kwa ajili ya wasikilizaji wa kituo cha Lusaka. Kwa umbo lake la mviringo ikaitwa redio ya sufuria, na bei yake ilikuwa pauni 5, betri mbali. Redio zile za vali zilikula betri nzito na za ghali. Ilikuwa transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, iliyoiwezesha redio kubebwa mkononi na kuishi kwa betri ndogo za dukani.

Redio hizo hazikuwa pambo. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na baada ya Uhuru redio ilifanywa darasa la taifa. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kikundi kizima kilitegemea chombo kimoja. Sasa tujiulize: chombo hicho kikinyamaza katika kijiji kilicho mbali na Dar es Salaam, darasa lilimtegemea nani? Mhandisi wa Japani alikuwa mbali. Mtangazaji aliendelea kusema, lakini hakusikika. Aliyebaki ni fundi.

Na tuitazame kazi yake jinsi ilivyo. Hewa ya bahari hubeba chumvi. Miguu ya betri huota ukoga wa kijani, swichi hukwama, viungo vya risasi hupasuka. Redio ikiwa bubu, fundi mwenye elimu ya kazi yake habadilishi vipande ovyo. Huanza kwenye spika na kurudi nyuma. Hugusa mahali sauti inapoingia katika hatua ya mwisho ya kukuzia. Akisikia mlio, ajua kuwa kutoka hapo hadi spika ni salama. Hurudi hatua moja, akagusa tena. Palipo na mlio ni pazima. Mlio ukikoma, kasoro iko baina ya mahali pa sasa na pale pa mwisho. Kwa njia hii hupita kutoka lijulikanalo kwenda lisilojulikana mpaka amebakiwa na kiungo kimoja cha kushukiwa. Mwalimu wa hisabati akiitazama njia hiyo ataitambua mara moja. Ni njia ile ile ya kutoa uthibitisho ambayo yeye huiandika ubaoni.

Twarudi basi kwenye swali letu la kwanza. Katika viwanda vyetu vya redio, kwa sehemu kubwa, kazi ilikuwa kuunganisha vipande vilivyoletwa tayari kutoka ng'ambo. Hatuwadharau walioifanya, ilikuwa kazi ya lazima na ya uangalifu. Lakini mfanyakazi aliyeketi katika mstari wa kiwanda aliweza kutia kipande chake mahali pake siku nzima bila kulazimika kujua kwa nini kiko pale. Fundi wa Kivinje asipojua kwa nini kiko pale, hawezi kazi. Ikiwa wa kwanza twamwita muundaji wa redio, kwa haki gani twamnyima jina hilo wa pili?

Upande wa magari ushahidi ni mkali zaidi, kwa kuwa mkoa wa Lindi ulipata somo la gharama kubwa. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, nao ulianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha ukaenea Urambo na Nachingwea. Matingatinga na matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Mashine zilikuwa nyingi, na fedha zilikuwa nyingi. Lakini ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutabirika, vipuri havikupatikana kwa wakati, na karakana zilijaa mashine zilizolala. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Hatusemi kwamba ukosefu wa mafundi peke yake ndio ulioua mpango huo. Twasema kwamba walioupanga walihesabu mashine na kusahau kuhesabu matengenezo yake, kana kwamba kuwa na kitu na kukiweka hai ni jambo moja.

Baada ya Uhuru magari ya kusini yaliendelea kukabiliana na njia iliyokuwa mtihani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na katika masika Kilwa na Lindi ziliweza kukatwa na Dar es Salaam kwa muda mrefu. Hata leo, lami ikiwa imekamilika, bahari na mvua hazijakubali kushindwa: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyo wilayani Kilwa. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi iliishiwa fedha za kigeni na vipuri vikaadimika. Gari lililokosa kipuri kidogo lilikaa uani mpaka nyasi zikaota kwenye magurudumu yake.

Hapo ndipo mafundi walipotengeneza kwa maana zote mbili za neno. Gaskiti ilikatwa kwa karatasi ngumu na kupakwa mafuta. Bushi ilichongwa kutoka tairi kuukuu. Springi za lori lililokufa zilipelekwa kwa mhunzi, zikafuliwa zikawa panga na majembe. Tukitaka mfano wa elimu iliyomo ndani ya kazi hii, tutazame Land Rover za zamani. Gari hilo lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza, na kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi yake ni ya chuma. Katika hewa ya chumvi, pale metali hizo mbili zinapogusana, mojawapo huliwa upesi kuliko ingelivyokuwa peke yake. Fundi wa pwani hawezi kudanganywa na bodi inayong'aa; huinama akatazama chini, kwenye viungo.

Lakini hapa hatuna budi kusimama, maana sifa tupu kwa mafundi itakuwa uongo. Kuna vipande ambavyo akili ya kubuni huleta uhai, na kuna vipande ambavyo akili hiyo hiyo huua. Tuchukue breki. Mafuta ya breki yameundwa yasichemke hata yakipata joto la zaidi ya nyuzi 200 za sentigredi. Yakikosekana, wako watu waliotia maji ya sabuni, na gari likasimama vizuri pale uani. Lakini maji huchemka kwenye nyuzi 100. Lori lenye shehena likiteremka kutoka uwanda wa juu wa Rondo, breki hupata moto, maji hugeuka mvuke, na mguu wa dereva hukuta utupu. Wengine hutia mafuta ya injini. Hayo huvimbisha vipira vya ndani ya silinda mpaka breki zinakwama au zinavuja. Kazi hizi mbili, ya gaskiti ya karatasi na ya breki ya maji, kwa nje zafanana. Zote ni kutumia kilichopo badala ya kisichopatikana. Lakini gaskiti ikishindwa, gari husimama njiani. Breki ikishindwa, watu hufa.

Tofauti iko wapi, basi? Wengine watasema iko katika ujuzi: fundi mjinga hutia maji, fundi mjuzi hatii. Hilo ni kweli nusu. Yuko fundi ajuaye vema hatari ya maji, naye akayatia, kwa kuwa mwenye gari ameharakisha, au kwa kuwa fedha ya mafuta ameifanyia jambo jingine. Ujuzi haukumzuia. Kilichokosekana ni amana.

Twatumia neno hili kwa makusudi. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu ambaye mwenyewe hana njia ya kumlinda akiwa ameishika. Mwenye redio hawezi kuona ndani ya redio yake. Angeweza, asingemwendea fundi. Elimu ya fundi ndiyo inayomfanya aheshimike, na elimu hiyo hiyo ndiyo inayomwezesha kudanganya. Anaweza kutoa transista nzima akatia iliyotumika. Anaweza kusema kimeharibika kiungo ambacho ni kizima. Wizi wa aina hii hauachi mlango uliovunjwa. Ndiyo maana heshima ya fundi haiwezi kutimia kwa mikono peke yake. Hutimia pale maneno yake na yaliyomo ndani ya kasha yanapokuwa jambo moja.

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo, ambalo Plutarch alilitaja, juu ya jahazi la shujaa Theseus. Waathene walilihifadhi kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mwingine, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana: je, hili bado ni jahazi lile, au ni jingine? Sisi wa pwani hii twaweza kulijibu kwa namna yetu. Mashua iliyobadilishwa mbao zake, msikiti uliojengwa upya nusu yake, Land Rover yenye injini ya gari jingine, vyote ni vile vile kwa kadiri kazi yake inavyoendelea na habari yake inavyojulikana. Mwenye mashua ajua ni ubao gani mpya. Kasoro haiko katika kubadilisha. Kasoro huanza pale ubao uliooza unapopakwa rangi ukaitwa mpya, maana hapo abiria amepandishwa katika chombo kingine bila kuambiwa. Lile neno letu, kutengeneza, ladai hivyo hivyo: kitu hakijatengenea ikiwa redio inasema na fundi amesema uongo.

Liko pingamizi moja tena ambalo hatupaswi kulikwepa. Huenda kijana akatuambia: "Mnaisifu kazi ya viraka kwa sababu sisi ni maskini. Matajiri hununua kipya." Twamjibu kwamba hatuusifu umaskini. Taifa lina haki ya kutamani vipuri halisi, barabara njema na viwanda vyake lenyewe, na si uzalendo kumwachia dereva breki ya maji ati kwa kuwa tumezoea shida. Lakini si kweli kwamba matengenezo ni haja ya maskini tu. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya, wenye nchi tajiri, ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa vyombo kama mashine za kufulia, friji na simu wavitengeneze vinapoharibika, na kuwapunguzia vikwazo mafundi wengine. Waliona kwamba mtu aliyeuziwa kitu kisichofunguka ni mpangaji katika mali yake mwenyewe. Simu nyingi za leo zimegundishwa kwa gundi, na baadhi ya vipuri hukataliwa na simu yenyewe hata vikiwa vizima. Fundi wa Lindi aliyewahi kufungua redio kwa bisibisi moja sasa akabiliwa na mlango uliofungwa kwa makusudi. Wanaotupigania haki ya kuufungua wanatetea jambo ambalo ni la kujitegemea hasa.

Wazee walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake si kwamba mtoto afuate kazi ya baba yake tu. Maana yake ni kwamba hapana mtu aliye karibu na moto ambaye hana kazi. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, ilitaka shule isitenge akili na mikono. Lakini hadi leo, katika nyumba nyingi, mtoto huambiwa kwamba asiposoma atakuwa fundi, kana kwamba fundi hasomi. Maneno hayo hudhuru pande mbili. Humfanya mwanafunzi adharau kazi ambayo maisha yake yanaitegemea, na humfanya fundi ajione kuwa mtu wa kubahatisha, asiye na jina la kulinda. Na mtu asiye na jina la kulinda, kwa nini atunze amana?

Kwa hiyo twawasihi walimu wa sekondari, hasa wa mikoa yetu ya kusini, waifanye meza ya fundi kuwa sehemu ya masomo. Mwalimu wa fizikia awapeleke wanafunzi wakaone jinsi kasoro inavyotafutwa kutoka spika hadi antena. Mwalimu wa historia awaonyeshe mahali ambapo kuta za Kilwa zimetengenezwa. Mwalimu wa Kiswahili akusanye pamoja nao maneno ya karakana kabla hayajapotea. Na katika somo la uraia wanafunzi wajadili swali ambalo halina jibu jepesi: fundi aliyeletewa gari la mgonjwa usiku, bila mafuta ya breki mjini kote, na mwenye gari anamsihi atie chochote, afanye nini? Wanafunzi watagawanyika. Wako watakaosema akatae; wako watakaosema amfungulie mwenye gari kopo, amweleze wazi maji yatafanya nini mteremkoni, kisha wasafiri polepole au watafute chombo kingine. Sisi twaona kwamba lisilokubalika ni moja tu, nalo ni kutia maji kimya kimya na kusema, "Tayari, nendeni."